Nyekundu ya Baba

Mteja akiingia dukani kwangu siku hizi namuuliza maswali mpaka anakereka. Gari unaendesha mwenyewe au una dereva? Umri wako? Ukitazama taa ya gari linalokuja mbele yako, unaionaje? Juzi mmoja aliniambia, mama, nimekuja kununua glopu, sikuja kuposa. Nikacheka naye, kisha nikamuuliza tena. Sina raha mpaka nijibiwe.

Zamani sikuwa hivi. Zamani nilikuwa najua, na mtu anayejua hana haja ya kuuliza.

Duka langu liko Kahama, ubavuni mwa gereji, mtaa ambao kutwa nzima nyundo na redio zinashindana nani apige kelele zaidi. Nauza mazulia ya magari, vifuniko vya usukani, honi, na hasa taa. Taa ndizo zilizonipa jina la Mama Taa, jina ambalo nilijifanya silipendi. Wachimbaji waliopata mali walikuja kwangu wakiwa bado na vumbi la shimo kwenye nyusi. Madereva wa malori ya Runzewe walisimama kwangu kabla hata ya kutafuta chakula. Wote walikuwa na kosa moja, na kosa hilo lilinilisha na kuniudhi kwa pamoja.

Glopu za siku hizi zimeandikwa namba kwenye boksi: elfu tatu, elfu nne na mia tatu, elfu sita, elfu nane. Namba hiyo inaeleza rangi ya mwanga. Haielezi nguvu yake. Sasa nenda kamwambie hivyo mtu wa kwetu. Kwake namba ni namba: mwenye ng'ombe elfu nane amemzidi mwenye elfu tatu, na taa nazo ni hivyohivyo. Walitaka elfu nane, ile ya kibuluu inayomfanya dereva wa mbele afumbe macho na kutukana ukoo mzima.

Nilikuwa nawaeleza kwa ugali, maana ugali kila mtu anauelewa. Elfu tatu, nawaambia, ni njano ya kiini cha yai la kienyeji, hiyo ni ya mvua na ukungu. Elfu nne na mia tatu ni dona, nyeupe yenye unjano kidogo ndani yake, na hiyo ndiyo inayofaa kwenye vumbi letu. Elfu sita ni sembe, nyeupe pee. Elfu nane ni moto wa jiko la gesi, unapendeza kuutazama, lakini ukiingia kwenye vumbi unaishia puani mwa gari. Aliyenisikiliza alinunua dona. Asiyenisikiliza nilimuuzia gesi yake na kumtakia safari njema.

Mimi sina subira. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wanaonipenda wanapenda kunitetea, eti duka lilikuwa limejaa, eti nilikuwa nimechoka. Hapana. Mama anasema nilizaliwa kabla mkunga hajanawa mikono, na tangu siku hiyo sijawahi kumngoja mtu amalize sentensi yake kama mwisho wake naujua.

Baba anaishi Kishapu, nje kidogo ya Mhunze, katika nyumba niliyozaliwa. Alikuwa na pikapu nyeupe ambayo milango yake ilifungwa kwa kamba ya mkonge, na kazi yake ilikuwa minada. Leo mnada wa huku, kesho wa kule, anawabeba kina mama wa vitunguu, wa dagaa, wa mitumba, wenye kuku wao miguuni. Aliondoka alfajiri jogoo wakiwa bado wanabishana na kurudi jua linapozama. Ng'ombe hakubahatika kuwa nao wengi, na Msukuma asiye na ng'ombe ana kazi ya kueleza. Baba alieleza kwa pikapu. Ukimuuliza habari za nyumbani alikuambia habari za gari, na ukimuuliza afya yake alikuambia breki zimekaa vizuri.

Mara moja au mbili kwa mwezi alipata mzigo wa dengu au wa kuku kuleta Kahama, na akishaushusha alipita dukani kwangu. Nilimpa kiti na soda. Shikamoo baba, marahaba mayu, yaani mama kwa Kisukuma, kisha alikaa akitazama watu. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Hilo nalo nililijua, na kwa hiyo sikuwahi kumuuliza mengi.

Ilikuwa msimu wa pamba, mwaka jana, alipomaliza soda yake, akaweka chupa chini na kuniambia, "Mayu, taa zangu zimekuwa nyekundu."

Hapa inabidi nieleze kitu. Kisukuma cha nyumbani kwetu kina rangi tatu tu zenye majina yake hasa: nyeupe, nyeusi na nyekundu. Zinazobaki unazieleza kwa kufananisha, na majani, na udongo, na ngozi ya ng'ombe fulani. Njano haina kiti chake. Inakaa pamoja na nyekundu, yenyewe na kahawia na rangi ya chungwa na ya mchanga wa mtoni. Kwa hiyo mzee wa Kishapu akikuambia kwa Kiswahili kwamba kitu ni chekundu, huenda anakuambia rangi tano au sita. Sisi tuliosoma tulijifunza kusema njano, na tulipojifunza tukaanza kuwacheka wazazi wetu.

Basi nilimsikia baba, nikamtafsiri kichwani haraka, nikapata jibu: anasema njano. Na kweli, glopu alizokuwa nazo zilikuwa za zamani, njano tupu. Nikachukua dona kwenye kabati, nikamwita fundi.

Fundi wangu alikuwa jirani, fundi wa umeme wa magari, mzaliwa wa Ujiji, mwepesi wa mkono na mwepesi zaidi wa mdomo. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kiasi kwamba sisi wengine tulijisikia tunachechemea. Alijitangaza mtani wa Wasukuma wote bila kuulizwa na mtu. Alipoambiwa shida ya mzee ni taa nyekundu, alisimama akiwa na bisibisi mkononi, akafikiri kidogo.

"Mzee, taa nyekundu ni za nyuma," alisema. "Umeendesha kinyumenyume kutoka Mhunze?"

Tulicheka sana. Baba pia alicheka, akampiga fundi begani. Utani haumuumizi mtu, ndivyo tunavyosema kwetu, na siku ile ilikuwa kweli. Fundi alifunga zile glopu, baba akashukuru, wabeja, wabeja, akaondoka kabla jua halijapoa. Mimi nikaona nimemsaidia baba yangu.

Aliporudi baada ya wiki kadhaa alisema bado ni nyekundu. Nikampa elfu sita, sembe yenyewe, nyeupe ambayo madereva wengine walilalamika kwamba ni nyeupe kupita kiasi. Safari iliyofuata akaja, akakaa, akanywa soda, akasema nimsamehe, lakini taa bado ni nyekundu na balabala haionekani vizuri.

Siku hiyo dukani palikuwa na watu. Kulikuwa na mchimbaji mmoja wa upande wa Geita aliyekuwa akinichagulisha maboksi yote kwa zamu, na wenzake wawili waliomsindikiza. Nilikuwa nimewaeleza ugali wangu wote mpaka koo limekauka, na bado wanataka namba kubwa. Halafu baba naye, baba yangu mzazi, anakaa pale mbele ya wateja wangu na kusema kwamba glopu niliyoichagua kwa mkono wangu ni nyekundu. Nilipandwa na hasira ndogo, ile ya kero, ambayo mtu akiwa nayo anajiona anachekesha.

Nikamwambia, baba, simama hapa. Nikapanga vitu juu ya kaunta: kifuniko chekundu cha taa ya nyuma, boksi la njano, na karatasi nyeupe ya kuandikia risiti. Nikamuuliza kimoja kimoja, kama mtoto wa chekechea. Hiki? Nyekundu, akasema. Sawa. Hiki? Akalitazama lile boksi la njano, akasema nyekundu. Wale vijana wa Geita wakaanza kutabasamu, na fundi alikuwa amesogea mlangoni asikose kitu. Na hii?

Baba aliichukua ile karatasi. Aliigeuza, akaipeleka mlangoni kwenye jua, akaisogeza karibu na uso, akaitoa mbali. Kisha akasema kwa sauti ya mtu anayejitahidi kusema kweli, "Hii nayo imekaa kwenye nyekundu. Lakini ya mbali."

Fundi ilibidi akae juu ya tairi. Wale wateja walicheka mpaka mmoja akashika kaunta. Nami nilicheka, na sikucheka kidogo. Nilicheka mpaka machozi, nikamwambia baba kwamba siku akipelekwa ofisini kusaini fomu atasema amepewa ngozi ya ng'ombe. Baba aliirudisha karatasi juu ya kaunta, akainyoosha kwa kiganja, akatabasamu kwa adabu, tabasamu la mgeni aliyeketi kwenye mazungumzo ya lugha asiyoijua.

Kisha akasema, "Basi nipe ile ya namba kubwa."

Nilimkatalia kwanza. Nikamsomea somo zima, vumbi, mwanga kuishia puani mwa gari, dona, gesi. Wateja wangu walisikiliza pia, na nadhani niliongea zaidi kwa ajili yao. Baba alingoja nimalize, akasema tena nimpe ile. Nikasema haya, mteja ni mfalme. Fundi akamfungia elfu nane.

Jua lilikuwa limeshashuka. Kuna ukuta wa gereji uliopakwa chokaa ambao tunaupigia taa kupima. Fundi akawasha, na ule ukuta wote ukawa wa buluu, buluu ya moto wa gesi kama nilivyosema. Baba alisimama mbele yake. Alikaa pale muda mrefu, akausogelea, akaupapasa kwa mkono, na alipogeuka uso wake ulikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona kwa miezi.

"Hii sasa ndiyo nyeupe," alisema.

Fundi alisema Msukuma amekuta nyeupe yake ndani ya buluu, na tukacheka tena kumalizia. Mimi nilifurahi kwamba mzee ameridhika. Mteja akiridhika kesi imefungwa.

Lakini sikutulia. Siku zilizofuata nilikuwa nanyanyuka kila mara kwenye kiti bila sababu. Nilikuwa na kitu kama kijiwe ndani ya kiatu, na badala ya kuvua kiatu nikaanza kupanga upya kabati. Nilipanga glopu kwa namba, kutoka ndogo kwenda kubwa. Baada ya siku mbili nikazigeuza, kubwa kwanza. Nikahamisha honi zikakaa zilipokuwa mazulia. Mara moja nilijikuta nimeshika karatasi ya risiti, nimeisimamia mlangoni, naitazama kama alivyoitazama yeye. Ilikuwa nyeupe. Nikaandikia risiti.

Nilimpigia simu mara nyingi zaidi kuliko kawaida. Nilimuuliza, taa zinaendeleaje? Akasema zinaendelea. Sasa hivi nikikumbuka simu zile zote najiuliza kwa nini kila nilipompigia niliuliza habari za gari. Nilimlaumu yeye kwa tabia hiyo, na kumbe ninayo mimi pia.

Mvua zikaja, zikapita. Baba alipunguza safari za Kahama, akasema mizigo ni michache. Alipokuja hakulalamika tena. Alikunywa soda yake akiwa amefumba jicho moja, mkono umeegemea paji la uso, nikamuuliza kama ni usingizi, akasema ni jua. Nikamsogezea kiti kivulini.

Pamba ya mwaka huu ilipoanza kuvunwa, mama alinipigia simu asubuhi moja. Mama huwa hapigi, huwa anabipu. Alisema baba ametumbukia mtaroni jana jioni wakati wa kurudi kutoka mnadani, akiwa na kina mama sita nyuma na mizigo yao. Mmoja ameteguka mkono. Wengine wamepata michubuko na kuku wamepotea porini. Mahali penyewe ni barabara iliyonyooka ambayo baba ameipita tangu sijaolewa. Alimkwepa mtu wa baiskeli, alisema, lakini wale kina mama walisema mtu wa baiskeli alikuwa upande wa pili kabisa. Na sasa hawapandi tena. Wameshahamia gari la mtu mwingine.

"Njoo," mama alisema. "Baba yako anasema ni taa. Kama ni taa, wewe ndiye mwenye taa."

Nilifunga duka. Niliweka boksi la dona kwenye mkoba, nikawasha gari, na njia nzima nikawa naandaa hotuba. Nilikuwa nimeshaianza kabla sijafika Buzwagi. Ningemwambia, baba, nilikuambia elfu nane haifai kwenye vumbi, nilikuambia mbele ya mashahidi. Ningemwambia kwamba angeweza kuua. Hilo ndilo lililokuwa likinichemsha, na chini ya hasira kulikuwa na hofu, kwa sababu niliwajua wale kina mama. Mmoja ndiye aliyenifundisha kusuka. Nilipita Shinyanga bila kusimama hata kunywa maji. Nilikuwa nabadilisha gia hovyo, nikiyapita magari ambayo hayakuwa na haja ya kupitwa, na kichwani hotuba ilizidi kuwa nzuri.

Nilimkuta kibarazani anachambua pamba.

Pamba ikishavunwa lazima ichambuliwe kabla ya kupelekwa kituoni kuuzwa. Safi inakaa huku, fifi inakaa kule. Safi ni ile nyeupe. Fifi ni iliyolowa, yenye madoa, iliyogeuka rangi. Mtoto wa Kishapu anajua kutenga safi na fifi kabla hajajua kuhesabu vidole vyake, na baba alikuwa bingwa. Nikiwa mdogo majirani walimwita aje kuwahakikishia marobota yao. Alikuwa amekaa juu ya kigoda, turubai mbele yake, na juu ya turubai kulikuwa na malundo mawili. Lundo la safi lilikuwa na ukubwa wa kuku anayeatamia. Lundo la fifi lilimfika kifuani.

Nilimwamkia, akaitika, akaniuliza habari za njiani bila kuinua macho. Mama alinivuta kuelekea jikoni. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba hali ni hiyo kila siku. Anamwacha achambue, na baba akienda kuoga, yeye anarudia lundo lote. Hakutaka kumwaibisha. Alifikiri ni akili, alisema, labda umri umeanza kumla, na mambo ya akili ya mume, mke hayatangazi hata kwa watoto.

Nilirudi kibarazani. Nikainama, nikachota konzi moja kutoka kwenye lile lundo kubwa. Niliitazama upande huu na upande ule. Ilikuwa nyeupe pee, pamba ya daraja la kwanza, ya kuwekea ushahidi.

Nikamuuliza, "Baba, hii ina nini?"

"Si unaona imegeuka?" alisema, na alinisikitikia kidogo, kama mtu aliyesahau kazi ya kwao. "Mwaka huu pamba yote imetoka nyekundu."

Nilikaa chini, palepale juu ya turubai. Hakuna Msukuma, wa mjini wala wa shamba, aliyesoma wala asiyesoma, ambaye anaweza kuiita pamba safi nyekundu. Kwa pamba lugha yetu haina utata wowote. Nyeupe tunayoisema ni hiyohiyo ya pamba. Na baba yangu alikuwa ameishika mkononi, anaitazama mchana kweupe, haioni.

Nikaielewa karatasi. Alikuwa ananiambia kitu kimoja tangu mwanzo, kwa neno lilelile, na neno lilikuwa sahihi. Dunia yake ilikuwa inageuka rangi. Nami nilichukua neno hilo nikalisahihisha, kisha nikalifanya mchezo wa kuchekesha wateja. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, na mama alisimama mlangoni akidhani nalia kwa ajili ya ajali.

Baba aliniuliza kama nimekuja na taa. Nikamwambia taa hazina tatizo, kesho tunakwenda kupima macho. Nilitegemea ubishi. Aliitikia kwa kichwa, akaendelea kuchambua, fifi, fifi, fifi. Hotuba yangu yote haikunitoka neno hata moja.

Hospitalini tulipangiwa daktari mwanamke, mdogo kuliko mimi, mwenye sauti ya upole na mikono isiyo na haraka. Nilimuonea wivu ile mikono. Alimpima baba jicho moja baada ya lingine kwa mashine, akaandika, kisha akatueleza. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Kioo cha ndani ya jicho, alisema, kinatakiwa kiwe kama maji, na cha mzee kimekuwa kama chai ya rangi. Nyeupe ikipita humo inatoka njano, na ikizidi inatoka kahawia. Buluu haipiti kabisa, au inapita imechoka.

Nikauona ule ukuta wa gereji. Baba alikuwa amekwenda akipanda namba moja baada ya nyingine, dona, sembe, gesi, akitafuta nyeupe, na aliipata palepale ambapo mahesabu ya jicho lake yalisema ataipata. Hakuwa amekosea hata hatua moja. Mimi niliyekuwa na namba zote kabatini ndiye sikujua kusoma.

Daktari alisema ugonjwa huu ni wa kawaida na unatibika kwa upasuaji mdogo. Hapo nikapumua. Nikaanza kuwa mchangamfu, uchangamfu wa kipumbavu wa mtu aliyeponea chupuchupu. Nilianza hata kumsimulia daktari kisa cha taa nyekundu, na kile cha fundi cha kinyumenyume, na nilikuwa nimefika kwenye karatasi ya risiti nilipoona hanisikilizi. Alikuwa amerudi kwenye jicho la kushoto. Alilipima kwa kifaa kingine. Akalipima tena. Akamwambia baba afunike la kulia na amwambie anaona vidole vingapi, na baba akatabasamu kuelekea ukutani.

Akamuuliza kama amekuwa na maumivu ya kichwa upande ule. Baba akasema yalikuwepo, makali, na kutapika pia, kisha yakapoa. Lini? Wakati wa mvua. Nikakumbuka kiti nilichokisogeza kivulini.

"Baba," daktari alisema, "ukitazama taa, ulikuwa unaona duara la rangi limeizunguka?"

"Nilikuwa naona."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua za kwanza."

Daktari alishusha pumzi. Alinigeukia mimi, na akaongea polepole nisikose neno. Jicho la kushoto lilikuwa na kitu kingine, presha ya jicho, na presha imeua mshipa unaopeleka mwanga kwenye ubongo. Upasuaji hautalirudisha. La kulia watalifanyia, litaona, ataweza kutembea, kuchambua pamba yake, kuwatambua watu. Kubeba abiria, hapana, hiyo aisahau. Lile duara lilikuwa dalili, alisema. Mtu akija na dalili ile siku za mwanzo huwa kuna la kufanya.

Nilifanya nilichozoea kufanya. Nilisimama, nikamgeukia baba, na hasira ikanitoka kwa sauti iliyofika kwenye foleni ya nje. Nilimuuliza anawezaje kukaa na jambo hilo miezi yote. Amekuja dukani kwangu, duka la taa, amekaa kwenye kiti changu, anaona duara la rangi kila taa inapowashwa, na hasemi. Kwa nini hukuniambia, baba?

Alikuwa ameshika kofia yake magotini. Alinitafuta kwa jicho lile la kulia mpaka akanipata.

"Rangi zile sikuwa na majina yake, mayu," alisema. "Ile moja niliyokuwa na jina lake nilikuambia, mkacheka. Hizi nyingine nikaona nikae nazo."